Arvella na wezi wa gramu

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha na apande mlima wa Mgongo wa Nyumbu polepole siku theluji imefika kifuani, halafu atume salamu kutoka humo atakamozama. Hapa Star Valley, Wyoming, pikipiki ya theluji ikipunguza mwendo kilimani haisimami. Inazikwa.

Ni Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Arvella Nebeker, mwenye miaka hamsini na minane, amepiga goti la kushoto kwenye sakafu ya gereji. La kulia limegoma tangu mwaka juzi. Mbele yake kuna klachi iliyofunguliwa. Anapuliza vumbi jeusi la mkanda wa mpira, ule unaopitisha nguvu za injini, kwa hewa ya kompresa, anasugua kwa msasa laini, kisha anapitisha kidole. Kidole kikitoka cheusi, anaanza upya.

"Ukimkuta mtu anapaka grisi hapa, mfukuze," anasema. "Mkanda unashika kwa sababu ya ukavu. Ukiulainisha, unateleza kama nguruwe aliyepakwa mafuta."

Anachukua vyuma vitatu vidogo, kila kimoja kama kidole cha mtoto, na kuvipima kwenye mizani ya jikoni. Kioo cha mizani anakifunika kwa kiganja. Mgeni haonyeshwi, hata mwandishi.

Vyuma hivyo ndivyo vinavyoifanya klachi iubane mkanda injini inapozunguka. Vikiwa vizito, injini inakabwa koo. Vikiwa vyepesi mno, inapiga kelele bila kuvuta. Na huko juu, ambako hewa ni haba na injini inahema, lazima vipunguzwe. Kwa gramu ngapi? Bonde zima linataka kujua, na hakuna anayeuliza. Hapa kumuuliza mtu gramu zake ni kama kumuuliza mkewe ana kilo ngapi.

Kuchungulia, hata hivyo, si dhambi. Dhambi ni kuonekana.

Arvella alijifunza kazi hii kwa kuharibu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha jibini, na akitoka zamu anafungua klachi za mumewe, Verl, anabadili springi, anapanda mlima, anazama, anachimba, anarudi kubadili tena. Kila jaribio aliliandika kwenye daftari la mapishi.

"Nimezama mara nyingi kuliko chai ya mfuko," anasema. "Na sisi, kwa dini yetu, hata chai hatunywi."

Watu walipoanza kuleta klachi zao, walimshukuru Verl. Verl, ambaye anaendesha basi la shule na hajui springi ipi inakaa wapi, aliwaambia kila mara, "Mshukuruni mke wangu." Wakacheka, wakampa mkono Verl. Mpaka leo kibao cha nje kinasomeka "Klachi kwa Verl".

Arvella anatoza dola mia na themanini kwa jozi ya klachi za pikipiki moja. Msimu uliopita alitengeneza jozi tisini na nne. Theluthi ya wateja wake huwapata siku moja tu, siku ya fainali ya mashindano ya kupanda Mgongo wa Nyumbu, akiwa na meza yake chini ya mlima.

Meza hiyo sasa iko hatarini.

Mwezi Januari, siku kumi kabla ya majaribio ya mashindano hayo, Arvella aliona gereji yake imejaa upendo. Wanaume wazima walikuja na mikate na jemu kumjulia hali ya goti. Kila mmoja alipotea kidogo kwenye chumba cha vipuri, unakotundikwa ubao wa hesabu za Arvella.

"Goti langu halijawahi kupendwa vile," anasema. "Wangekuja mlangoni wakasema, 'Arvella, nitengenezee,' ningewatengenezea. Lakini hapana. Wanataka gramu zangu bila jina langu."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MGONGO WA NYUMBU, 74. Kisha kila alipopata mgeni, alikwenda jikoni kupika kakao, taratibu sana.

"Niliwapa muda wa kunakili. Mimi si mchoyo."

Sabini na nne ni gramu za bondeni. Siku ya majaribio pikipiki saba zilianza kwa kishindo, zikafika kwenye misonobari, zikakohoa, zikazama moja baada ya nyingine kama ng'ombe waliochoka. Harufu ya mikanda iliyoungua ilishuka mpaka kwenye maegesho. Hakuna aliyeumia. Katikati yao akapita mpwa wa Arvella, Brinlee, miaka ishirini na minne, akafika kileleni.

Jumatatu wale saba walileta klachi zao kusafishwa, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu akisema, "Nadhani mkanda ulikuwa mbovu."

Lakini aibu hutafuta pa kutokea. Kamati ya chama cha wapandaji, ambayo mwenyekiti wake Delmar Tolman alikuwa mmoja wa wale saba, imempa Arvella mpaka leo jioni: aombe radhi kwa kuvuruga majaribio, au keshokutwa, kwenye fainali, asikanyage chini ya mlima. Asipokuwepo, Brinlee hana fundi kati ya raundi mbili.

Saa mbili Delmar anaingia, amebeba bakuli la viazi vya jibini, vile vinavyopikwa hapa mtu akifa.

"Hujambo, Dada Arvella?"

"Sijambo, Ndugu Delmar. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mke wangu kakupikia tu."

"Viazi vya msiba, na hajafa mtu. Basi umekuja kunizika mzima."

Brinlee, aliyekaa juu ya ndoo, anacheka mpaka kakao inampalia.

"Dada, uliandika uongo ubaoni."

"Ubao upi?"

"Ule wa ndani."

"Wa ndani uko nyuma ya mlango, Ndugu Delmar. Wewe ulikuja kuliona goti. Goti lilikuwa huku nje."

Delmar anatazama viazi. "Nilikuwa natafuta choo."

"Unaingia nyumba hii mwaka wa thelathini, choo bado hujakiona?"

"Shangazi, mwache," anasema Brinlee. "Atamwaga chakula."

Delmar anaweka bakuli chini. Sauti inashuka. "Sikiliza. Neno moja tu la radhi, nami nitawatuliza wenzangu. Jumamosi mchana joto litapanda, theluji itakuwa nzito, gramu za asubuhi hazitafaa. Huyu binti atabadili nini, peke yake?"

Arvella anaweka msasa chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia. Anamtazama mpwa wake.

"Usinitazame mimi," anasema Brinlee. "Nifundishe. Nitabadili mwenyewe."

Fundi anainuka kwa kushika benchi, anafungua droo, anatoa daftari la mapishi. Analiweka mikononi mwa Brinlee mbele ya mwenyekiti wa kamati, ambaye shingo yake inarefuka bila idhini yake.

"Ukurasa wa arobaini na moja," anamwambia. "Leo na kesho tunafungua na kufunga mpaka uweze ukiwa umefumba macho. Ukifika kileleni Jumamosi, mwakani kibao kitakuwa na majina mawili, langu na lako. Verl nimeshamwambia. Kasema, 'Mbona mmechelewa hivyo?'"

"Na kamati?" anauliza Delmar. "Nikawaambie nini?"

Arvella anapiga tena goti la kushoto, anachukua msasa.

"Waambie siombi radhi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na ukitoka, funga mlango, baridi inaingia."