Madame Joyeuse na Mbuzi ya Jirani

Mu kalasi ya Madame Joyeuse, kule Beu, kulikuwa kipande cha muti chenye kamba. Batoto bote balikiogopa. Mutoto akisema Kiswahili ao Kinande mu saa ya Kifaransa, anakivaa ku shingo mupaka amusikie mwenzake anakosa vilevile; hapo anamupatia. Madame mwenyewe alivaaka kama kile zamani, akiwa mutoto wa masomo kule Masereka, na alisema ni muti njo ulimufundisha.

Lakini juma ile muti ulikwama kwa Keren. Familia yake ilikuwa imekimbia vita, yeye mupya kabisa. Siku ya kwanza aliomba maji mu Kiswahili, bakamuvalisha. Toka pale akafunga kinywa. Benzake balisema Kinande karibu na masikio yake, yeye hakushitaki mutu.

"Ule muti utaota majani, dada!" Delphin, mumoya wa benzake, akamuchekelea.

Roho ya Madame haikutulia. Siku ya tano directeur, mukubwa wa masomo, angekuja kuuliza Kifaransa, na mwenye kunyamaza angerudishwa kwa badogo ba kalasi ya pili.

"Keren, mama yangu, sema hata neno moya," alimubembeleza mu Kifaransa, polepole. Keren akatazama miguu yake.

Siku ya tano, mu saa ya Kifaransa, mbele ya directeur kufika, mbuzi ya jirani ikaingia, ikakamata daftari ya Madame ku meza, ikaanza kutafuna.

"We mbuzi! Achilia! Toka inje!" Madame akaifukuza na fagio.

Kisha banki ya kukalia ikalia. Keren alikuwa amesimama. Akavua muti, akaenda mbele.

"Madame, prenez. Vous avez parlé swahili." Ni kusema: kamata, umesema Kiswahili.

"Lakini Keren, ile ni mbuzi! Mbuzi inajua Kifaransa?"

"Mara mbili, Madame!" Delphin akapiga kelele, kisha akajiziba kinywa.

Madame akainama. Keren, mufupi vile, akasimama ku vidole vya miguu kwa kumuvalisha.

Directeur akaingia palepale, akashangaa, akauliza mu Kifaransa muti ule unafanya nini ku shingo ya mwalimu. Madame akaonyesha Keren na kidole.

"Monsieur, Madame a parlé à la chèvre," Keren akasema: Madame alisema na mbuzi.

Directeur akacheka mupaka akapanguza miwani. Mbele ya jina ya Keren akaandika: abakie.

Saa sita Madame akapita mu soko. Bamama ba samaki bakamuita:

"Mwalimu, umevaa nini?"

"Keren njo alinivalisha," akajibu. Na hakuuficha.