Siku Uwesu Alipochemka Kabla ya Maji

Uwesu aliamka na furaha iliyomkosesha hata hamu ya chai. Tangu adondoke kwenye paa alilokuwa akiezeka pale Kizota na kuumia uti wa mgongo, miguu ililala moja kwa moja, na maradhi ya njia ya mkojo yakawa hayamwachi. Leo watafiti wa chuo kimoja mjini wangemtia kwenye maji ya moto. Walitaka kujua kama mtu asiyeweza kukimbia, akipashwa joto huku ametulia tu, kinga ya mwili wake itachangamka kama ya mtu aliyefanya mazoezi. Damu ingepimwa kabla na baada. Nayo ilikuwa siku ya mwisho ya kuanza. Asiyeingia leo, ndiyo basi tena.

Sasa mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa amekuja kutoka Busi kumsindikiza, na mama huyu kukaa bure hajui. Kusikia maji ya moto na kinga, akaona hayo mbona mambo ya kwao siku zote. Asubuhi akachemsha majani ya mpera na mchaichai, akamfunika mwanawe blanketi zito juu ya sufuria, akamfukiza mpaka macho yakawa mekundu.

"Nakutangulizia, baba," alisema. "Usiende kwa wasomi ukiwa wa baridi."

Uwesu, kwa furaha aliyokuwa nayo, alicheka tu humo ndani ya mvuke.

Walipofika, nesi Flaviana alimwamkia mama, akampima Uwesu joto, akapima tena.

"Kaka, una homa. Mwenye homa hatumwingizi."

 Ikabidi Uwesu aseme habari za sufuria. Flaviana akageukia ukutani kwanza acheke, kisha akaeleza kwamba tangu aumie uti wa mgongo Uwesu hatoi jasho kuanzia kifuani kwenda chini, kwa hiyo joto likimwingia halitoki upesi.

"Lisiposhuka kabla hatujafunga, mama, tutamrudisha nyumbani."

Hapo ndipo ungemwona Bi Mwanahawa! Alilowesha kanga, akampangusa mwanawe shingo, kwapa na mgongo, akampepea kwa nguvu zote, huku akimgombeza yeye huyo huyo kwa kukubali kufukizwa.

"Mtu mzima hujui kukataa?"

Uwesu akacheka. Flaviana akamkataza, maana kucheka nako kunapasha mwili, na hapo ndipo wote watatu wakashindwa kabisa kujizuia.

Jua lilikuwa limeshainamia magharibi joto la Uwesu lilipokubali kushuka. Wakamtoa damu, wakamnyanyua, wakamshusha taratibu majini mpaka kifuani. Majibu yangekuja baadaye, na Flaviana hakuahidi kitu. Lakini ile miguu, iliyozoea kubebwa kama mizigo, ikainuka, vidole vikachungulia juu ya maji.

Bi Mwanahawa akasogea karibu na maji.

"Ni maji tu, mama," Uwesu alimwambia polepole. "Ndiyo yanaibeba."

"Najua ni maji," alisema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Niache niitazame."