Kilima Juu ya Kopo la Apolonia

Wifi yangu Apolonia aliuza dagaa sokoni Bariadi, na kopo lake lilijulikana mpaka Nkololo. Akishajaza, aliongeza viganja hadi kilima kikasimama juu na dagaa wengine wakadondokea kwenye bakuli la mteja. Kwetu mtu akikupimia kopo la kusawazisha, amekwambia hakupendi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamekufa, kila mwenye gunia akawa mfanyabiashara. Apolonia alifuata dagaa wake Lamadi, na njiani akakuta kizuizi kipya: ushuru kwa kila gunia. Sokoni ukamngoja ushuru mwingine. Wenzake hawakupandisha bei. Walikata kilima, polepole, mpaka kopo likawa bapa kama meza, na watu wakasema dagaa siku hizi hawashibishi.

Apolonia hakukigusa kilima chake. Akaanza kutaja bei kwa vipande viwili: hii ya dagaa, hii ya ushuru.

Wateja wakashangaa. Kodi waliyoijua ni ile ya kichwa, ambayo mgambo walimkimbiza mwanamume kwa ajili yake hadi katikati ya shamba la pamba. Mama wa dagaa kutoza kodi, wapi na wapi? Esteria, jirani yake na mteja wa siku nyingi, alimuuliza mbele ya watu, "Mayu Apolonia, mama wa watu, umekuwa serikali lini?" Wakacheka, na wengine wakasema ni mwizi. Esteria akahamia meza ya pili, kwa Sayi, ambako hakukutajwa ushuru wala hakukuwa na kilima.

Kilichomuuma wifi yangu si dagaa waliobaki. Ni kuitwa mwizi na watu aliowalisha. Nilimshauri anyamaze kama wenzake. Akanijibu kwamba akikikata kilima bila kusema, hapo ndipo atakuwa ameiba.

Siku moja ya gulio, Joakim, kijana aliyetoza ushuru wa soko, alikuja kununua kitoweo. Akapimiwa, akatajiwa vipande vyote viwili.

"Hata mimi, mayu? Si ndimi ninayeuchukua?"

"Basi leo na wewe uuonje."

Joakim alicheka, akalipa. Kisha, kwa sauti yake ile iliyozoea soko, akasema ushuru upo kwa kila gunia na kila meza inaulipa, ila wengine hawautaji.

Watu waligeuka kuangalia kopo la Sayi. Sayi akawa anafukuza nzi. Mimi nilikuwa na mche wa sabuni mkononi, nimetoka kuununua dukani, nikauangalia na kujiuliza ndani yake nimelipia nini ambacho hakuna aliyeniambia. Mpaka leo chumvi na mafuta ya taa nayatazama hivyo hivyo.

Esteria hakuomba radhi, hajaumbwa hivyo. Alirudi jioni, akaweka bakuli lake mbele ya Apolonia.

"Nipimie. Na huo ushuru unitajie."

Apolonia alimtajia, akajaza kopo, akaongeza viganja mpaka dagaa wakaanza kudondoka.