Tanuru la Otha Haliwekwi Chupa

Wanaosema Bi Verdell Suggs ni mpole hawajawahi kupanga foleni kwenye duka lake la mbavu za kuchoma. Pale Barabara ya Sabini na Tano, upande wa kusini wa Chicago, watu walipanga foleni hadi nje, theluji ikiwapiga usoni, na ukifika mbele hujui unachotaka, alikuruka akamhudumia aliye nyuma yako. Yeye swali lake lilikuwa moja tu: sosi juu au kando? Ukisema kando, alikutazama kuanzia viatu hadi kofia, akajua wewe ni mgeni. Wenyeji wanakula sosi ikiwa juu, imemwagwa mpaka chipsi za chini zimelowa tepetepe, na slesi mbili za mkate mweupe zimelazwa juu ya mbavu. Asiyetaka hivyo, njia nyeupe, aende katikati ya mji akale kwa uma.

Nyuma yake lilisimama tanuru. Otha, marehemu mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alilijenga kwa mikono yake: chini sanduku la chuma, juu vioo vizito pande zote, na bomba la moshi lililotoboa paa. Nyama unaiona inavyoiva, na moto unauona unavyoruka mafuta yakiudondokea. Halina swichi wala kipimo cha joto. Moto ukizidi unaupiga maji kwa mpira, ukilegea unautupia gogo la mwaloni. Verdell aliujua kwa kuusikiliza tu, kisogo kawapa wateja, huku anabishana nao kuhusu nani kaimba vibaya kanisani.

Otha alifanya kosa moja, na mtaa mzima ulimcheka. Alilijenga tanuru mle mle ndani, na alipomaliza akagundua halipiti mlangoni. Yeye hakujali. Litoke liende wapi, aliwauliza. Alipokufa, Verdell aliliwasha siku hiyo hiyo ya mazishi, maana watu wakitoka makaburini lazima wale, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Kulikuwa pia na kioo kingine, kile cha kuzuia risasi. Kilitenganisha jiko na wateja, ukuta hadi ukuta, sakafu hadi dari, na fremu yake ya chuma Otha aliichomelea mwenyewe wiki ile waliyovamiwa na majambazi, mkono mmoja ukiwa bado kwenye bandeji. Chakula na pesa vilipita kwenye sahani ya kuzunguka iliyowekwa kwenye tundu katikati ya kioo. Kwa hiyo miaka yote ile Verdell alilisha watu ambao hajawahi kuwagusa mkono. Alikuwa akilala usingizi kwa sababu ya kioo kile, na aliapa hatakitoa mpaka kufa.

Basi akaja Garrett Holm. Kijana nadhifu, ana migahawa yake huko katikati ya mji, na jengo lilikuwa limeuzwa kwake bila mpangaji hata mmoja kuambiwa. Aliingia saa ya chakula cha mchana, duka limejaa, akaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema mtaa huu unahitaji mgahawa halisi. Halisi! Na hapo jirani kushoto kuna Eliseo Barragán na mchuzi wake wa mbuzi unaokutoa jasho, kulia yuko Nabil, Mpalestina anayekaanga samaki mpaka mifupa inatafunika, na ng'ambo kuna mama wa Kinijeria ambaye pilipili yake imewaliza polisi. Wote hao, kumbe, walikuwa wanacheza kupikapika kama watoto. Maneno yale yalifika kwa kila mmoja wao kabla Holm hajamaliza kuongea.

Akaendelea. Verdell angebaki kazini, angevaa aproni nyeupe na kusalimia wageni. Nyama ingepikwa kwenye oveni ya umeme, na sosi ingewekwa kwenye kikombe kidogo pembeni.

"Na tanuru?" Verdell akauliza.

"Tanuru halitoki, mama. Tutalisafisha, tutatia taa ndani na kupanga chupa za mvinyo. Watu watapiga picha, na yako tutaitundika ukutani."

Verdell aliweka chini koleo la nyama, akajifuta mikono taratibu.

"Otha alijenga jiko," akasema. "Hakujenga kabati."

Holm akatabasamu tu. Alisema hamlazimishi mtu. Kama hataki, basi achukue kila kilicho chake kufikia Jumapili, na kitakachobaki kitakuwa cha mwenye nyumba. Akalitazama tanuru, akautazama mlango, akacheka kidogo. Foleni nzima ilisikia, na hilo ndilo kosa lake.

Clemmie, dada yake Verdell, alikuja jioni kumsihi akubali. Alimwambia magoti yamekwisha, umri umekwenda, kusalimia watu nayo ni kazi ya heshima. Na chuma ni chuma, Otha hayumo mle. Verdell alimjibu maneno mazito ambayo mtu hamwambii ndugu yake, na Clemmie akaondoka bila kuaga. Alipobaki peke yake Verdell alilia, na alilia kwa hasira. Kila akifumba macho aliona zile chupa zimejipanga mahali pa nyama, tanuru limepoa, na watu wanachekea kamera mbele ya jasho la mume wake. Kufukuzwa angeweza kuvumilia. Kulipoza tanuru lile hakuweza.

Kesho yake alikwenda kwa Mchungaji Tolliver. Kanisa lilikuwa na kiwanja kitupu ng'ambo ya barabara, na kibali cha kuchomea nyama pale kilikuwapo tangu zamani kwa ajili ya sherehe zao. Mchungaji aliuliza tanuru litatokaje. Verdell akamwambia dirisha kubwa la barabarani lina upana wa kutosha, tatizo ni kile kioo cha risasi kilicho katikati. Mchungaji, aliyejua habari ya kioo kile, akamwambia kiwanja akitumie.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wanaume walivua makoti ya suti na kukunja mikono ya mashati. Nabil alishatoa dirisha la barabarani. Eliseo alikuja na msumeno wa umeme na vipande vya bomba la chuma vya kusukumia. Akapiga magoti mbele ya fremu ya Otha, kisha akageuka.

"Bibi, nikishakata hakirudi tena. Una hakika?"

Verdell aliweka kiganja kwenye kioo. Alikumbuka usiku wa majambazi, na sauti ya Otha ikimwambia alale chini.

"Naogopa," akasema. "Kata hivyo hivyo."

Msumeno ukalia. Fremu ilipoachia, watu walikibeba kioo, wakakiegemeza ukutani, halafu wakaligeukia tanuru. Lilipita dirishani likibakiza nafasi ya kidole. Walilisukuma juu ya mabomba, wakilaaniana na kuombana radhi kwa sababu ni Jumapili, na katikati ya barabara dereva wa basi alizima injini akashuka kusaidia. Na nani huyo aliyetangulia mbele, kofia ya kanisani imemkaa upande, anawaapia wanaume kwamba atakayepasua kioo cha shemeji yake atamtambua? Clemmie. Verdell alimwona, akaenda kumnyooshea kofia, na yale ya nyuma yakaishia hapo.

Walilisimamisha kiwanjani, wakalirudishia bomba lake, na Verdell akatia moto, akapanga mbavu. Alisimama akisikiliza. Mafuta yalipoanza kulia vile anavyojua, akaomba aletewe chipsi.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Purvis, aliyekula kwake tangu enzi za Otha. Kwa mazoea alinyoosha mkono kutafuta sahani ya kuzunguka, na haikuwapo. Verdell akamwekea boksi kiganjani.

"Kumbe una mikono ya baridi hivi, Purvis."

"Miaka yote hukuwahi kuniuliza," mzee akasema.

Holm alifika foleni ikiwa imezunguka kiwanja. Aliingia kwanza dukani. Akakuta chumba kitupu, na paa lina tundu ambalo mwanga wa mchana ulipita hadi sakafuni. Akavuka barabara uso umewiva. Akaanza kusema habari ya mali ya jengo, lakini wale waliokuwapo siku ile walimkumbusha maneno yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, hata alipocheka walikumbuka. Nabil alimwambia dirisha litarudishwa kabla jua halijazama, asiwe na wasiwasi. Akabaki amesimama mbele ya Verdell, bila kitu chochote kati yao.

Zamani Verdell angeingiwa na hofu, mwanamume amekasirika na kioo hakuna. Sasa alimtazama, koleo mkononi.

"Ulisema kitakachobaki ni chako, kijana. Kioo cha risasi nimekuachia. Kipo pale ukutani, kizima. Kachukue, maana anayetuogopa sasa ni wewe."

Kisha akamtazama aliye nyuma ya Holm, akamuuliza sosi juu au kando.