Nyumba ya Shangazi Yavuka Kiwango

Siku hiyo Mama Futi chai ilimshinda. Kazi yake ni kuthamini majumba, na jina hilo amelipata kwa ile futi kamba inayoning'inia kiunoni mwake mwaka wa kumi na nane huu. Sasa imeletwa kodi ya mali: thamani ya nyumba yako ikivuka kiwango, unalipa, uwe na kipato usiwe nacho. Na kwenye orodha ya siku hiyo, namba mbili, ilikuwamo nyumba ya shangazi yake aliyemlea.

Fomu inauliza kama mthamini ana undugu na mwenye nyumba. Alijaza "hapana", kisha akapiga simu. "Shangazi, jifanye hunijui. Na usisifie chochote, nakuomba."

Namba moja, alikokwenda na mkuu wake wa kazi, ilikuwa kwa tajiri wa viwanda. Lo! Jumba lina lifti, lakini mwanasheria wa tajiri akawatolea makaratasi: jumba ni la kampuni, magari ya kampuni, hata sofa waliyokalia ya kampuni. Mwenyewe, masikini ya Mungu, hana kitu!

"Ukitoza mshahara, hana mshahara," mkuu wake alilalamika garini. "Ukitoza mali, hana mali."

"Si afadhali tumtoze siku akiuza hisa zake za kampuni, mkuu? Hapo hela inaonekana."

"Hauzi ng'o. Anaziweka rehani benki, anakopa, anakula maisha. Ya kumshika ni kodi ya mali tu, sema sheria ina matundu."

"Na wanaopita kwenye matundu ni wakubwa tu."

Mkuu alicheka. Mama Futi mawazo yalikuwa kwa shangazi yake. Shangazi anashona sare za shule. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe, enzi mtaa ule ukiwa vichaka, na sasa maghorofa yameizunguka pande zote. Kodi ikimwangukia, cherehani haitailipa. Atauza tu.

Shangazi akafungua mlango kavaa gauni la sherehe. "Karibuni maafisa! Gongeni mlango huo, mbao ngumu tupu. Mchwa wamejaribu wamechoka!"

"Mama, hiyo si muhimu," Mama Futi akadakia.

"Si muhimu? Bi afisa, hebu pima vizuri. Kiwanja hakiishii hapo, kinafika mpaka ule ukuta!" Akaikwapua ncha ya futi, akaenda nayo mwenyewe mbio mbio. Miaka yote majirani wa ghorofani wamemwita mama wa kibanda, na leo wakubwa wamekuja kuitazama nyumba yake. Nani angemnyamazisha?

Mkuu akapiga hesabu. "Umevuka kiwango, mama."

"Nimevuka!" Shangazi akapiga kigelegele. "Kumbe mimi tajiri! Nasaini wapi?"

Mama Futi akaikumbatia kalamu kifuani, haitoi. Machozi yakamtoka. Shangazi akaitupa futi chini.

"Mwanangu! Nani kakuudhi?"

Mkuu akainua macho, akayarudisha kwenye fomu, pale palipoandikwa "hapana".

"Ni shangazi yangu," Mama Futi akasema. "Kosa langu liandike utakavyo, mkuu. Ila kabla hajasaini, mweleze anasaini nini."

Mkuu akaeleza habari ya kodi, taratibu, mpaka mwisho. Shangazi akageuka kuutazama mlango wake wa mbao ngumu.

"Nilipe kila mwaka?" akauliza.