Maji Yaliyotokea Upande wa Mpunga

Maji yalipoingia mtaani kwetu, mimi nilikuwa nimeyapa mgongo. Nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi, nikitazama kijito kinachopita chini ya nyumba zetu, pale Kabambare, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo na upepo wa jana yake ulikuwa umeng'oa manjanja ya kanisa, yale mabati ya paa, na kuyatupa hadi kwenye barabara. Kila mtu alikuwa anakichunga kijito. Mimi nilikuwa nimechomeka kijiti ukingoni na kukikata alama kwa kisu, nione maji yanapanda kwa mwendo gani. Hakuna aliyenituma. Nina tabia hiyo tangu utoto: nikiona kitu kinabadilika, nataka kujua kinabadilika namna gani. Mama yangu alinichapa mara nyingi kwa ajili yake.

Kijiti hakikuonyesha jambo la kutisha. Maji yalikuwa yamepanda alama mbili tu tangu alfajiri. Nikageuka niwaambie binti zangu wawili wawashe moto wa chai, na hapo nikaona kiatu cha plastiki kinapita uani kwangu, taratibu, bila mguu ndani yake. Kilikuwa kinatokea nyuma, upande wa mashamba ya mpunga, ambako hakuna mto wala kisima.

Nilikitazama mpaka kikapita. Halafu nikaona maji yaliyokibeba. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, hayana kelele hata kidogo, na yalikuwa yameshafika kwenye mafiga.

Mimi ni mshonaji. Mume wangu wakati ule alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na kitu cha thamani nilichobaki nacho nyumbani, ukiacha watoto, kilikuwa mashini ya kushona. Nilikimbilia mashini. Binti zangu walikimbilia magodoro. Tulikuwa tunagongana ndani ya chumba kimoja, kila mtu anapiga kelele, na mimi katikati ya kelele zile bado najiuliza: haya maji yametoka wapi?

Nyuma ya ua wangu alikaa mwanaume mmoja ambaye sote tulimjua kwa matofali yake. Alikuja mtaani miaka minne nyuma, naye akitokea Salamabila, na mfuko mmoja na pauro, koleo la kuchimbia. Alijijengea kibanda cha udongo, akalima mihogo kama sisi, na kila kiangazi alifyatua matofali na kuyachoma. Tofali la kuchoma si kitu cha mchezo kwetu. Nyumba nyingi za mtaa ni za udongo mbichi. Lundo lake lilikuwa limekua hadi kupita ukuta wa nyumba yangu. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alisema yanatosha nyumba ya vyumba vitatu. Lakini hakujenga. Hakuuza pia, hata kanisa lilipomwomba. Wengine walisema ameficha dhahabu ndani ya lundo. Mimi nilikuwa namchungulia juu ya ua, na siku moja nilishindwa kujizuia nikamuuliza:

"Ndugu, ile nyumba utaianza lini?"

"Bado, mama," akajibu, kwa upole, akaendelea kukanyaga udongo.

Siku ile ya maji alitokea mlangoni kwangu akiwa amekumbatia matofali sita kifuani.

"Mama mushonaji, kitanda yako iko na miguu ngapi?"

"Minne! Kama kitanda zote!"

"Na mashini?"

"Mbili."

"Kila muguu matofali tatu. Shika hapa, ingine nitaleta."

Tukainua kitanda, tukainua mashini, tukaweka magodoro juu ya meza na meza juu ya matofali. Kabla sijamshukuru alikuwa ameshatoka, na nilipochungulia nikamwona anabomoa lundo lake kwa pauro, lile lundo ambalo kwa miaka minne hakumruhusu mtu aguse. Jirani wa kushoto akaja akasimama, hajui aombe au asiombe. Yule mwanaume akampa matofali mikononi. Akaja mwingine. Mwisho tukajipanga mstari, wanaume na wanawake, tofali likapita kutoka mkono hadi mkono, na tukaanza kutandika njia ndani ya maji, matofali mawili mawili, kutoka nyumba za chini hadi kwenye kilima kidogo ambako kuna masomo, shule ya watoto.

Njia ilipofika kwa mama mzee, ikabidi tusimame.

Mama mzee alikuwa mjane, Mwislamu, na nyumba yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Nyonga zake zilikuwa mbovu. Kutoka kitandani hadi mlangoni kwake ilikuwa safari. Tulimkuta amekaa kitandani, miguu juu, kuku mikononi, na mkeka wake wa kusalia ameuchomeka kwenye miti ya paa. Maji yalikuwa yanagusa ubao wa kitanda.

"Mutanibeba namna gani?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei sokoni.

Shefu wa avenyu alikuwa ameshafikiria. Walikuwa wameng'oa mlango wa nyumba ya jirani, wakauleta, wanaume wanne. Wakauweka mbele yake. Mama mzee akautazama mlango, akatutazama sisi.

"Hapana. Munataka kunilaza pale? Mutu analazwa juu ya mbao wakati wanamupeleka kaburini. Mimi sijakufa."

"Mama, maji iko napanda," shefu akamwambia.

"Ninayaona. Sijakufa macho pia."

Shefu akaanza kumbembeleza, akamtaja Mungu, akawataja watoto wake walio Kasongo. Mama mzee akageuza uso ukutani. Mimi nikawa nautazama ule mlango na kuwaza shida iko wapi hasa. Shida haikuwa mlango. Shida ilikuwa kulala.

"Mama, na kama ukikaa?" nikamuuliza.

Akageuka. "Nikae juu ya nini?"

Tukaleta kiti. Nikakimbia nyumbani kuchukua mabaki ya vitambaa vyangu, nikasokota kamba, tukafunga miguu ya kiti juu ya mlango, tukavuta kuona kama itashika. Ikashika. Mama mzee akajifunga kitenge vizuri, akarekebisha mtandio wake, akakaa. Wanaume wakainua.

"Polepole! Wewe wa kushoto uko mufupi, nyanyua mukono! Usinitikisie kuku!"

Watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia kicheko. Tulipokuwa katikati ya njia, nyuma yetu ukuta wa nyumba yake ukashuka ndani ya maji, bila mshindo, kama mtu aliyechoka anavyokaa chini. Mama mzee hakugeuka.

"Ni ukuta gani ule?" akauliza.

"Wa nyuma, mama," nikamjibu.

Tukapiga hatua tano, sita. "Ule mume wangu aliujenga kwa haraka," akasema. Halafu akamshika kuku kwa nguvu zaidi.

Tulikaa pale masomoni siku tano, familia kama kumi na mbili. Tuliunganisha madawati yakawa vitanda. Mihogo tuliyokuwa tumeloweka mabwawani ilikuwa imekwenda na maji, lakini sombe, majani ya mihogo, ilikuwepo kwenye mashamba ya juu, na kambale walikuwa wamepanda hadi kwenye uwanja wa mpira. Wanawake waliwaokota kwa vikapu kama watu wanaookota nguo zilizoanguka. Chumba cha darasa la sita kilikuwa cha maombi. Waislamu waliingia kwa saa zao, sisi kwa zetu, na siku ya Jumapili mama mzee alibaki ndani wakati tunaimba kwa kuwa nyonga zilikuwa zinamuuma, na baadaye akatuambia kwamba sauti ya tatu ya kwaya yetu ilikuwa inapotea.

Siku ya pili mchana nilikaa na yule mwanaume chini ya upenu. Alikuwa anachonga mpini wa shoka. Kibanda chake kilikuwa kimeanguka kabisa, na lundo lake lilikuwa limebaki kipande kisichofika kiunoni. Nilijua si adabu kuuliza. Nikauliza.

"Ndugu, yale matofali yalikuwa ya nini?"

Hakujibu "bado" mara hii.

"Kule kwenye dhahabu nilikuwa na mwenzangu wa shimo," akasema. "Tulichimba pamoja miaka saba. Tulikuwa tunalala chini ya turubai, mvua ikinyesha tunakaa macho. Yeye alikuwa na bibi yake, mke wa ndoa, kule Lusangi, na kila mvua alikuwa anasema, siku moja nitamujengea bibi yangu nyumba ya matofali ya kuchoma. Halafu shimo likaanguka. Mimi nilikuwa juu, navuta kamba. Yeye alikuwa chini."

Akageuza mpini, akaanza kuchonga upande wa pili.

"Nikasema nitaijenga mimi. Nikaja hapa sababu udongo wa hapa ni muzuri, na nikafyatua. Mwaka wa kwanza ulipoisha nikaenda Lusangi kumwambia yule mama. Nikakuta ameolewa. Ana mutoto, ana nyumba, mume wake ni mutu wa heri. Alinipikia. Sikumwambia kitu."

"Na ukarudi ukafyatua tena?"

"Nikarudi nikafyatua tena."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Aliutazama ule mpini kama ndio uliouliza. "Mama, sijui. Mikono ilikuwa imezoea. Na kama ningeacha, ingekuwa ni mimi nimesema imeisha."

Mimi ambaye maswali hayaniishi, nilikaa pale nikaangalia maji. Na katika kuyaangalia nikakumbuka lile swali langu jingine, nikamwambia kwa sababu tu nilitaka tuzungumze jambo lisilouma: kwamba kijito kilikuwa chini, kwamba maji yalitokea upande wa mpunga, na kwamba hadi sasa sielewi kwa nini. Akaacha kuchonga. Akaniuliza nina uhakika? Nikamwambia habari ya kiatu.

Kesho yake mvua ilipokata, tulikwenda wawili kuangalia. Tulipita juu, tukazunguka mashamba, maji magotini, fimbo mkononi kupima mashimo. Tulitembea saa nzima mpaka tukafika mahali kijito kinapopita chini ya barabara kwa karavati. Mti mzima ulikuwa umeanguka pale na mizizi yake. Juu ya mti zilikuwa zimenasa nyasi, mianzi, migomba, na katikati ya vyote bati moja la kanisa limesimama wima kama mtu amelipachika. Kijito kilikuwa kimefika hapo, kikakosa njia, kikageuka kulia, kikaingia kwenye mpunga na kushuka mpaka nyuma ya nyumba zetu.

Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, maana watu walikuwa wamepoteza nyumba, lakini nilisimama pale nimelowa mpaka kiunoni na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtoto aliyefunguliwa saa aone vyuma vya ndani. Yule mwanaume alinitazama akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu kabla.

"Tungelaumu mupunga mpaka mwisho," akasema.

Shefu wa avenyu aliwakusanya wanaume wenye shoka na panga. Walikata tangu asubuhi ya siku iliyofuata, na sisi wanawake tukavuta matawi kwa kamba. Mchana, mti ulitoa mlio, ukajikunja, ukapita. Maji ya upande wetu yalisimama kwanza, kama yanafikiri, halafu yakaanza kurudi.

Yaliacha matope ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na harufu ambayo nguo zilikaa nayo muda mrefu. Nyumba nne zilikuwa zimeanguka. Yangu ilisimama, mashini pia, ingawa mkanda wake ulilegea na nilishona kwa mkono majuma mawili. Watu wakaanza kurudisha matofali. Hakuna aliyetangaza, uliona tu mtu anapita na matano kichwani, mwingine na toroli, wakielekea kwenye lile lundo. Yule mwanaume akasimama njiani akawazuia.

"Musilete kwangu. Pelekeni kwa mama muzee."

Mama mzee, alipoambiwa, hakushukuru mara moja. Aliuliza kama mtu huyo anajua kujenga au anajua kufyatua tu, maana ni kazi mbili. Swali lilikuwa la haki. Akaja fundi kutoka mtaa wa juu kuelekeza pembe, na yule mwanaume akajenga, tofali kwa tofali, kwa udongo ule ule wa matope tuliyokuwa tunayafagia ndani ya nyumba zetu. Alikuwa na haraka sasa. Alianza alfajiri na hakupumzika mpaka jua limekaa juu ya kichwa, na nilipompelekea uji alikunywa akiwa amesimama. Mara moja nilimwona ameshika tofali mkononi muda mrefu bila kuliweka. Nikataka kuuliza. Nikapita.

Walipofika kwenye dirisha wakagombana. Fundi alitaka liwe upande wa mashariki, jua la asubuhi liingie, chumba kikauke. Mama mzee alikuwa ameletwa na kukalishwa pembeni, na alikuwa anapinga. Alitaka dirisha la barabarani.

"Mama, upande ule vumbi litaingia," fundi akasema.

"Liingie."

"Na jua hautaliona."

"Jua nimeliona miaka mingi. Nataka kuona nani anapita, anakwenda wapi, na amebeba nini."

Yule mwanaume alikuwa juu ya ukuta. Akanitazama mimi, akamtazama mama mzee, akacheka kwa sauti, kisha akashuka na kupima nafasi ya dirisha upande wa barabara. Pazia nililishona mimi, kwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za kwaya. Mama mzee alilipokea, akalikagua mishono, akasema ni zuri, na akaniomba nilipunguze chini vidole vinne, lisimzibie barabara.