Tetra Sita

Huku Goma, mtoto hajifunzi kutembea, anajifunza kuanguka vizuri. Mji umekaa juu ya makoro, yale mawe meusi ambayo volkano iliyatapika yakapoa na makali yake, na kila mtu wa rika langu ana alama mahali fulani mwilini. Yangu iko mguu wa kulia: vidole viwili vya mwisho vimelala, havisikii baridi wala moto. Nikitembea naonekana kama mtu anayefikiri jambo zito. Wanafunzi wangu wamedanganyika hivyo kwa miaka mingi.

Mama yangu alikuwa na sheria moja ya utabibu: dawa ya kweli inaunguza. Limau juu ya mkwaruzo, maji ya chumvi kwenye fizi, majani machungu ya mubirizi kwa tumbo. Kisichounguza aliita chai. Na juu ya dawa zote ilikaa tetra, kapsule nusu nyekundu nusu njano, ambayo kwetu mtaa wa Katoyi hakuna aliyeimeza. Tulikuwa tunaifungua na kumwaga unga wake wa njano ndani ya kidonda, kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

Mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka, hadi mji ukakosa pa kukanyaga, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwetu walikuwa wameshafika watu wengine: mwanamke aliyekimbia vita vya Masisi na binti yake mdogo. Mama aliwapa jiko la nyuma walale. Binti alikuwa na kidonda kwenye muundi. Sikukiangalia sana, maana nilikuwa na changu. Nilikuwa nimeteleza nikitoka ziwani na bidoni ya maji, na koro likanipasua kutoka kati ya vidole hadi unyayo.

Nilikuwa nimepata nafasi katika sekondari ya mapadri, upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Masomo yalikuwa yaanze baada ya wiki sita. Asiyefika wiki ya kwanza, nafasi yake inapewa mwingine.

Mama alizunguka maduka yote ya dawa hadi mtaa wa Mapendo. Wakimbizi walikuwa wamemaliza kila kitu. Alirudi na tetra sita ndani ya karatasi, akanionyesha kama padri anayeinua hosti altareni.

Basi kila asubuhi aliniosha kwa maji ya chumvi, akafungua kapsule, akamwaga, akapuliza, kisha akauliza, akiniita papa kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao.

“Inaunguza, papa?”

“Inaunguza sana, mama.”

“Njo dawa ya kweli hiyo. Vumilia.”

Nilivumilia asubuhi sita. Siku ya saba mguu ulinuka. Masomo yalianza nikiwa mkekani, nafasi ikaenda kwa mwingine, nikarudia darasa la sita, la mwisho la msingi, pamoja na watoto niliokuwa nikiwapiga konzi.

Sikumlaumu mama. Nililaumu dawa. Chuo kikuu niliandika kazi yangu ya mwisho juu ya hatari za kujitibu nyumbani, na ukurasa mzima ulikuwa juu ya upuuzi wa kumwaga tetra kwenye vidonda. Ushahidi ulikuwa mguu wangu. Mbele ya maprofesa nilikaribia kuvua kiatu. Nilipata alama nzuri sana.

Mwaka jana yule binti wa Masisi alikuja kumsalimia mama. Sasa ni mama wa watoto wanne. Alileta maharagi na fromaji mbili, jibini za kwao, akapiga magoti, akavuta kitenge kidogo kutuonyesha muundi wake: laini, na kovu jembamba kama uzi.

“Yaya,” aliniambia, kama mdogo anavyomwita kaka yake, “kama si mama huyu, wangenikata huu mguu. Kila asubuhi tetra moja. Siku sita! Na maganda yake alikuwa anarudisha mfukoni. Mimi nilifikiri anawapatia batoto bachezee.”

Mama alianza kusifu fromaji, kwa sauti kubwa kuliko fromaji ilivyostahili.

Mimi si mtu wa hesabu, lakini sita naijua. Nilingoja mgeni aende.

“Mama, kwangu ulitia nini?”

“Wapi?”

“Ndani ya maganda.”

Alikunja kitenge chake, akakikunjua. “Unga.”

“Unga gani?”

“Ule wa njano, wa msaada wa wakimbizi. Ulikuwa unauzwa sokoni wakati ule. Rangi ilikuwa sawasawa.”

Kwa hiyo nilisimama mbele ya maprofesa watatu kushutumu unga wa mahindi.

“Mguu wa yule mutoto ulikuwa umeanza kuoza,” alisema. “Wako ulikuwa mubichi bado. Ningegawa tatu tatu, mungeoza wote wawili.”

“Ungeniambia.”

“Ungelia. Na mama ya yule mutoto angesikia, angekataa kupokea.”

“Nilipoteza shule, mama. Vidole viwili vilikufa.”

“Mutu iko na vidole kumi.” Kisha akaniangalia na lile jicho la zamani. “Na wewe? Kila asubuhi nakuuliza, inaunguza? Unajibu, inaunguza sana. Unga wa bugali unaunguza? Nilifikiri ni maji ya chumvi inakuunguza. Ungesema haiunguzi, ningejua kama nyama imeanza kufa. Ulinidanganya, papa.”

Ni kweli sikuwa nasikia kitu. Nilisema inaunguza kwa sababu alikuwa amezunguka mji mzima kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu: hivyo ndivyo nilivyoamini wakati ule.

Alivuta kigoda karibu, akapiga-piga goti lake.

“Leta mguu nione.”

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuomba. Niliinama, nikashika kamba za kiatu, nikazikaza.

“Iko sawa, mama,” nilimwambia. “Haiunguzi.”